Betri Ikifa Inakwenda Wapi?

Hotuba kwa wauzaji wa vifaa vya sola, mafundi wa stima na wawakilishi wadi, Mombasa

Waheshimiwa wawakilishi wadi, maafisa wa kaunti, wauzaji wenzangu, mafundi, na nyinyi ndugu zetu wa vyuma chakavu mliokuja ingawa mlijua mtatajwa: asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa. Wasemaji walionitangulia wamezungumza kwa kirefu juu ya paneli, mikopo na kodi, na mengi waliyosema nayaafiki. Ila tangu asubuhi hakuna aliyeitaja betri iliyokufa, na mimi nimesimama hapa kwa ajili ya hiyo tu.

Biashara yetu ni ya heri. Naanza hapo ili asiwepo wa kudhani nimekuja kuibeza. Aliyekulia kwenye moshi wa koroboi anajua taa ya sola imeleta nini nyumbani. Tangu 2012, M-KOPA walipoanza kuuza sola kwa malipo madogo madogo ya M-Pesa, wavuvi na akina mama wa viazi karai wamewasha taa bila kungoja nguzo ya serikali ifike kijijini. Zahanati zimepata friji ya chanjo. Mtoto anadurusu usiku bila macho kumwasha. Tumeyafanya haya pamoja na wateja waliotuamini, na kila tunapouza tunawaambia kwamba hii ni nishati safi.

Sasa, paneli tunayomfungia mteja leo itakaa juu ya bati miaka 20, pengine 25. Betri haikai hivyo. Ile ya risasi na asidi, ambayo kwa mtu wa kipato cha chini bado ndiyo inayonunulika, ikitunzwa itafika miaka mitatu, minne, mitano. Ikitumiwa vibaya haimalizi miwili. Kwa hiyo kabla paneli haijazeeka, nyumba hiyo moja itakuwa imebadilisha betri mara tano au sita, na zote hizo zinakwenda mahali fulani. Mteja akituuliza ni wapi, wengi wetu tutanyamaza.

Niruhusuni niifungue betri yenyewe, kwa kuwa humu ndani kuna waheshimiwa wanaoweza kuitungia sheria na pengine hawajawahi kuibeba. Betri ya 100Ah (hicho ni kipimo cha chaji inayobeba) ina uzito wa kama kilo 30. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi: sahani zake, na ule udongo wake uliopakwa juu ya sahani. Kinachobaki ni asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, na kasha la plastiki. Shaba huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kwa hiyo anayetaka kuiyeyusha lazima awe na tanuri la maana. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Makaa, feni na sufuria kuukuu vinatosha. Ndiyo maana kazi ambayo ingepaswa kufanyika ndani ya kiwanda chenye vichujio inafanyika uani, mita chache kutoka kwenye jiko la nyumba.

Mafundi mnaijua njia yake. Mteja anakupigia kwamba stima inakatika saa mbili usiku. Unapima, betri imekufa. Unamwekea mpya, na ile kuukuu mara nyingi ndiyo posho yako. Unaipakia kwenye bodaboda na kuipeleka kwa mnunuzi wa vyuma. Mnunuzi anapima kwa kilo na hataki kulipia maji, basi asidi inamwagwa kwanza, mtaroni au chini ya mwembe, pamoja na risasi iliyoyeyukia ndani yake. Kisha kasha linapasuliwa kwa shoka. Sahani zinatiwa motoni. Vumbi na moshi wake vinashuka juu ya udongo, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mabati yanayokinga maji ya mvua. Makapi yanayobaki baada ya kuyeyusha, ambayo bado yamejaa risasi, yanatupwa au yanafukiwa, na pengine mwaka unaofuata mtu anajenga chumba cha kupangisha juu yake.

Katika kiwanda kinachofanya kazi hiyo inavyostahili, betri hufika nzima na asidi yake ndani. Hupasuliwa na mashine ndani ya chumba kilichofungwa, asidi ikatulizwa kwa kemikali kabla ya kutoka nje, plastiki ikaoshwa, moshi ukapita kwenye vichujio. Mfanyakazi hupimwa damu kila baada ya muda, huoga na kubadili nguo kabla ya kwenda kuwashika wanawe. Risasi inayotoka hapo yaweza kutengeneza betri mpya tena na tena bila kupoteza ubora. Nchini Marekani, kwa hesabu za sekta yenyewe, asilimia 99 ya betri za namna hii hurudi kiwandani. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba tatizo hili halina ufumbuzi duniani. Ufumbuzi upo na unagharimu pesa, nasi tumeacha gharama hiyo ilipwe na miili ya watu wasionunua hata hizo betri.

Nasema miili, na ninamaanisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza akimeza kiasi kile kile, na mtoto ndiye anayekaa chini, anayecheza mchangani, anayetia vidole mdomoni. Mwili huidhania risasi kuwa ni chokaa ya mifupa, ukaiweka akiba mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, akiba hiyo hufunguka na kumfikia aliye tumboni. Huleta upungufu wa damu, hudhuru figo, huharibu mimba. Lakini dhara lake kubwa ni ubongoni, na hilo halionekani kwa macho. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, anakuwa na hasira asizozijua chanzo, mwalimu anamwita mvivu. Ripoti ya UNICEF na Pure Earth ya 2020 ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, jumla yao kama milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi, na ikataja uyeyushaji holela wa betri kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa.

Nisingekuwa na haja ya kuitafuta ripoti ya dunia kama sote tungekubali kuitazama Owino Uhuru.

Ni kijiji kilicho hapa hapa kwetu, Mikindani, eneo la Jomvu. Mwaka 2007 kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kuyeyusha betri kuukuu kikipakana ukuta na nyumba za watu. Nataka muangalie neno EPZ. Kilikuwa kiwanda cha mpango wa serikali wa kukuza bidhaa za kuuza nje, chenye anwani na wafanyakazi wa kuajiriwa, na risasi yake ilikuwa inasafirishwa. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuchakata taka, ile ambayo leo tukiisikia kwenye mkutano kama huu tunapiga makofi. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa cha kijani, na nje ya ukuta kuku walikuwa wanakufa na watoto wanaumwa.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido. Katika kazi za mwanzo alizopewa ilikuwamo kushughulikia tathmini ya athari za mazingira, na tathmini ikaonyesha kwamba kiwanda hakifai kuwa mahali pale. Alishauri kihamishwe. Akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mwanawe mchanga akaugua. Akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, hadi walipopima risasi na kuikuta katika damu yake. Mama akaacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa jirani kupimwa, akaandika barua, akaongoza maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata dunia ikampa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na 2023 akapata tuzo ya Right Livelihood ya Sweden.

Tuzo zile zilikuja upesi kuliko haki ya majirani zake. Wanakijiji walifika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mnamo Julai 2020 ikaamua kwamba kampuni na vyombo vya serikali, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikiwa mmojawapo, walikiuka haki zao. Ikaamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, na udongo usafishwe. NEMA ikakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo ile ya fidia. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: miaka kumi tangu tanuri kuzimwa, ndipo neno la mwisho likasemwa. Mtoto aliyekuwa wa chekechea kiwanda kikifungwa alikuwa tayari yuko darasa la juu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na risasi iliyokwisha kuingia mifupani haijui kwamba mahakama imetoa hukumu.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu nasikia watu wakiitaja Owino Uhuru kama jambo lililopita, kosa la kiwanda kimoja kibaya. Betri zilizokuwa zikipelekwa pale hazikuisha siku lango lilipofungwa. Zimeongezeka. Zilitawanyika kwenye nyua ambazo hazina jina, hazina leseni, na ambazo hakuna mwanakijiji atakayeweza kuzishtaki.

Kuna mahali pengine panaponinyima usingizi. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi mafundi wa huko walikuwa wanapasua betri na kumwaga mabaki mchangani. Bei ya risasi duniani ilipopanda, wakazi, wengi wao wanawake, wakaanza kuuchimba mchanga ule na kuuchekecha ili wapate vipande vya kuuza. Wengine waliupeleka nyumbani kwa magunia. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Mchanga ulikuwa na sumu kwa miaka, lakini kilichowaua watoto wale ni kupanda kwa bei. Na bei yaweza kupanda tena. Umoja wa Ulaya una sheria ya betri ya 2023 ambayo inataka, kuanzia Agosti 2031, angalau asilimia 85 ya risasi iliyomo katika betri mpya iwe imetokana na taka. Ni sheria nzuri kwao. Ila nikiwa mtu wa biashara naona kitakachofuata: risasi kuukuu itatafutwa zaidi, mnunuzi atafika hapa na bei nono, na nyua zetu zitafanya kazi usiku na mchana. Heri sheria yetu itangulie kabla ya mnunuzi huyo.

Waheshimiwa, hapa niwageukie nyinyi, na nitasema kwa heshima lakini sitazunguka.

Januari 2022 minara ya umeme mkubwa ilianguka, nchi ikaingia gizani, na ikasemwa vyuma vyake vimeibwa. Zilipita siku tisa tu, Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu nchini. Yote. Marufuku yalikaa hadi Mei, kanuni zikakazwa, ndipo yakaondolewa. Sitaki kujadili kama ilikuwa haki kwa vijana wa mkokoteni, maana wengi walilala njaa. Nataka muone kwamba serikali ikitaka inaweza. Mnara ulipoanguka, siku tisa. Watoto wa Jomvu walipotiwa sumu, ilibidi mama mmoja akamatwe kwanza.

Na katika kodi ni hivyo hivyo. Mwaka 2020 msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa, mwaka uliofuata ukarudishwa, na waliohusika walipigania kweli kweli. Msamaha ule ulizitaja waziwazi betri za kuhifadhi umeme wa jua. Mimi nilifurahi uliporudi. Mteja wangu ni mtu wa kuhesabu shilingi. Lakini mabishano yote yalikuwa juu ya siku ya kununua. Ningetamani siku moja Bunge libishane vile vile juu ya siku ya kutupa, na liseme: anayetaka msamaha huu atuonyeshe kwanza betri zake kuukuu zinarudi wapi. Septemba 2023 marais wa Afrika walikutana Nairobi, wakatamka kwamba bara litoke gigawati 56 za nishati jadidifu na kufika 300 ifikapo 2030. Sehemu kubwa ya hizo ni jua. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu, na kinachobaki kuwasha taa ni betri.

Msije mkaniambia hatuna sheria. Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani juu ya haki hiyo bila hata kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeweka wajibu kwa mwenye kuleta bidhaa sokoni: afuatilie mzigo wake hadi uwe taka. Kinachokosekana ni mahali. Nenda kaunti hii leo na betri mkononi, umuulize askari wa kaunti, umuulize karani wa wadi, umuulize mwenye duka: niipeleke wapi? Utarudi nayo nyumbani, au utakutana na kijana wa mkokoteni ambaye angalau ana jibu.

Na huyo kijana si adui yetu. Kwenye vikao vya watu wenye tai hutajwa kama mhalifu. Yeye peke yake ndiye anayekusanya. Anapita mlango kwa mlango Kisauni, Likoni, Changamwe, anafika mahali ambapo gari la taka halifiki, na halipwi mshahara na mtu. Tukimfukuza, betri zitabaki nyuma ya nyumba zikivuja. Anayestahili kuzuiwa ni anayepasua na anayeyeyusha. Mkusanyaji apewe kitambulisho, glavu, na bei inayomfanya aone faida ya kuileta betri nzima.

Bei ndiyo itakayoamua mambo yote. Sote hapa tumewahi kununua soda kwa chupa ya kioo, na sote tumewahi kuacha pesa ya chupa dukani. Hakuna askari aliyewahi kutumwa kukusanya chupa za soda, lakini zinarudi, kwa kuwa kila chupa ina pesa ya mtu ndani yake. Majimbo mengi ya Marekani yanafanya hivyo hivyo kwa betri za gari: unalipa amana ukinunua mpya, unarudishiwa ukileta kuukuu. Napendekeza tufanye hivyo kwa kila betri ya risasi inayouzwa Mombasa, iwe ya sola, ya gari au ya inveta. Amana iandikwe kwenye risiti. Atakayerudisha betri nzima, asidi ikiwa ndani, apewe amana yote pamoja na bei ya kilo. Aliyeimwaga asidi asipewe hata senti ya amana. Fundi aliyeibeba kutoka kijijini awe na sehemu yake, maana tukimsahau fundi mpango huu hautafika mwezi wa pili. Dukani betri zisimamishwe wima juu ya mbao, chini ya paa, vichwa vya nyaya vimefunikwa, na zichukuliwe na mwenye leseni ya NEMA ambaye ataacha karatasi ya kuonyesha zimefika kiwandani.

Pesa ya amana isiingie katika mfuko wa mapato ya kaunti. Waheshimiwa, mtanisamehe, lakini hili sitalilegeza. Amana ni mali ya mteja, imewekwa, haijatozwa. Siku itakapochanganywa na ada za maegesho na leseni za biashara, mteja atarudi na betri yake akaambiwa angoje bajeti ijayo, na kuanzia siku hiyo kila mtu atarudi uani. Ikae kwenye akaunti yake, yenye kukaguliwa, na hesabu yake ibandikwe hadharani.

Mwenzangu mmoja ameniambia wakati wa chai kwamba nitawafukuza wateja, wataenda kununua Kwale au Kilifi ambako hakuna amana. Ni hoja ya kweli. Mwanzoni wengine watakwenda. Ndiyo sababu nawaomba wauzaji wa jumla waanze, kwa kuwa betri zinazouzwa Kwale na Kilifi zinatoka katika maghala yenu nyinyi. Mkiiweka amana ghalani, itasafiri na betri hadi Lunga Lunga. Na kuhusu mteja maskini, ambaye ndiye tunayejificha nyuma yake kila tukitajiwa gharama: yeye ndiye anayekaa karibu na ua wa kuyeyushia. Sikumbuki kuona moshi huo Nyali kwa matajiri.

Lipo pia jambo lililo mikononi mwetu bila sheria yoyote. Betri nyingi zinauawa kabla ya wakati wake. Mtu anauziwa betri moja ndogo, anaambiwa itaendesha taa, televisheni na friji. Kila usiku inakamuliwa hadi tone la mwisho, na betri ya risasi inayokamuliwa hivyo haidumu. Inawekwa chini ya bati lisilo na dari, kwenye joto letu la Februari. Na kanuni tunayoijua mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Inaongezewa maji ya mfereji badala ya maji ya betri. Duka linalouza hivyo linamrudisha mteja upesi, na kwa hesabu ya mauzo huonekana linafanya vizuri. Mwacheni mteja anunue paneli kubwa zaidi na atumie nusu tu ya betri. Mwonyesheni mahali pa kivuli. Rudini baada ya miezi sita kupima.

Wengine watasema betri za lithiamu zinakuja na zitamaliza habari hii. Zinakuja kweli. Zile za lithiamu na fosfeti ya chuma hazina risasi, hazina kobalti, na zinadumu miaka minane, kumi. Anayemudu na anunue. Lakini zina shida yake, na ni kinyume cha ile ya kwanza. Betri ya risasi ikifa ina thamani kubwa, ndiyo maana inagombewa. Lithiamu ikifa haina mnunuzi mtaani. Hakuna mkokoteni utakaoifuata. Itatupwa na maganda ya ndizi, ipelekwe jaa la taka la Mwakirunge, na huko ikitobolewa au ikipondwa inaweza kuwaka moto ambao si rahisi kuuzima kwa maji. Kwa hiyo kwa lithiamu fedha za kuichakata lazima zilipwe mapema, na aliyeileta nchini, siku anapoiingiza. Na zile zenye kobalti zinatukumbusha kwamba betri ina mwanzo pia. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, sehemu kubwa kutoka pande za Kolwezi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki, na huko kuna wanaochimba kwa mikono, watoto wakiwa miongoni mwao.

Katika bodaboda za umeme nimeona mfano unaonipa moyo. Ampersand, walioanzia Kigali, hawamuuzii dereva betri. Anafika kituoni, anaacha iliyoisha chaji, anachukua iliyojaa, anaondoka. Betri ni mali ya kampuni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa kuwa ni mali yake, kampuni inajua kila moja iko wapi na ina afya gani. Ikichoka kwa pikipiki, bado yaweza kukaa chini ya meza ya duka ikawasha taa kwa miaka kadhaa. Kampuni zinazofanya biashara ya namna hiyo zimefika hapa pwani. Nasi wa sola tunaweza kukodisha betri badala ya kuiuza. Anayelipa kila mwezi kwa M-Pesa hajali betri ni ya nani, mradi taa iwake. Sisi ndio tutakaoanza kujali, kwa kuwa ikifa ni hasara yetu.

Sitawachosha. Juu ya meza ile kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya wauzaji wa jumla na rejareja: tunakubaliana kupokea betri yoyote ya risasi iliyo nzima, hata kama hatukuiuza sisi, na kuanza kuandika amana kwenye risiti. Duka langu limeshasaini. Ya pili ni ya waheshimiwa, ni ombi kwa kamati ya mazingira ya bunge la kaunti, lenye mambo matatu: vituo vya kupokelea betri katika kila eneo bunge, kuanzia Jomvu, upimaji wa damu bila malipo kwa watoto wanaoishi karibu na nyua zinazojulikana, na akaunti ya amana isiyoguswa na mtu. Ndugu zangu wa vyuma chakavu, nawaomba msiondoke kabla hatujakaa pamoja kuhusu bei ya kilo, kwa sababu bila bei yenu karatasi zote mbili hazina kazi. Nitakuwa pale mezani hadi saa kumi.

Asanteni sana.